Tulimwahisha mjukuu wangu jandoni ili atulie: kosa langu nililiona kwa sahani

Wakuu wa humu ndani, chamgei, hamjambo.

Mimi ni kogo, yaani nyanya, wa huku Kimulot, juu kabisa karibu na msitu wa Mau, mahali ukungu unalalia chai mpaka saa nne asubuhi.

Shule nilifika darasa la tatu, baba akasema ng'ombe hawawezi kujichunga. Kusoma nilimalizia ngumbaru kanisani nikiwa tayari na wajukuu. Kwa hivyo mkiona makosa ya kuandika, rukeni kama mnavyoruka tope.

Lakini uongo hamtapata hapa. Umri wangu ni wa kujitayarisha kuongea na Mungu, siwezi anza leo kudanganya watu wa simu.

Nimeandika kwa sababu ya yule mama aliyeuliza juzi humu. Kijana wake ana miaka kumi na tatu. Anatoroka shule, anapiga wenzake, anabeba vitu vya nyumba. Mama akauliza, nimpeleke jandoni Desemba hii atulie?

Nikasoma majibu yenu yote, polepole, na miwani.

"Ni umri tu, itapita."

"Mpeleke, akitoka huko atakuwa mtu."

"Kiboko, mama. Kiboko."

Mimi nilifanya hizo zote tatu. Kaeni niwaambie zilinipeleka wapi.

Mjukuu wangu anaitwa Kibet. Ni mtoto wa Chebet, kitinda mimba wangu. Baba yake alifuata mwanamke mwingine Narok na hakurudi hata kuchukua koti. Kibet alipokuwa na miaka tisa, Chebet akaenda Nakuru kufanya kazi ya nyumba za watu, akaniachia mtoto.

Nilimpenda huyo mtoto kuliko wale niliozaa. Wanangu wanajua, na wamenisamehe.

Alikuwa mwerevu. Akiwa na miaka kumi alikuwa anachuna chai kama mama mzima, majani mawili na kichipukizi, vidole haviendi kombo. Jioni alikuwa anaigiza vile pasta wetu anatembea akiwa amekula sana. Nilikuwa nacheka mpaka nashika ukuta.

Halafu akabadilika. Siku yenyewe sikuiona, niliona tu kwamba ameshabadilika.

Alianza kupigana shuleni. Siyo ile ya watoto ya kusukumana. Alivunja mwingine jino na jiwe. Barua ikaja, nikaenda shuleni na leso yangu ya kanisa nikamfokea mwalimu mbele ya darasa. Nikamwambia mtoto wangu hachokozi, anajibu tu. Kurudi nyumbani nikawaambia majirani, "Huyu ni dume, kama babu yake."

Barua ya pili ikaja. Ya tatu nikawashia moto wa chai.

Akaanza kudanganya hata kwa kitu ambacho hakina faida. Umekula? Ndiyo, na hajala. Umetoka wapi? Kwa mto, na viatu vimekauka.

Kisha ikaja ile ya chai.

Tuko na jirani, Mama Moraa, Mkisii. Walikuja na bwanake kuchuna chai ya estate, baadaye wakanunua kipande hapa chini yetu wakapanda yao. Asubuhi moja ya Jumamosi Kibet, miaka kumi na moja, alichukua panga akashuka kwa hiyo shamba akakata mstari mzima wa chai. Siyo matawi. Kule chini kwa shina. Chai ya miaka.

Mama Moraa alipanda kwangu. Nilidhani anakuja na matusi, nikatayarisha yangu.

Akasema, "Mama Joel, sikuja kugombana. Chai itaota. Lakini nilimwona akikata. Huyo mtoto alikuwa analia."

"Analia nini, na ni yeye ameshika panga?"

"Hiyo ndiyo nakuuliza wewe. Huyo hana ubaya. Ana kitu."

Wakuu, alikuwa amenipatia dawa mkononi, bure. Mimi nikamjibu, "Nyinyi mlikuja juzi kuchuna chai ya watu, leo mnatufundisha kulea?"

Akafunga leso yake vizuri, akashuka. Ikawa ni salamu ya barabarani tu kwa miaka tisa. Joel, kifungua mimba wangu, alipeleka kondoo kwao kutengeneza hiyo maneno. Mimi sikupeleka hata neno moja.

Nilimwita Kibet. "Kwa nini umekata chai ya mtu?"

Akaangalia chini. "Mama alisema atakuja Ijumaa."

Nikamwambia, "Sasa chai imekosa nini?" Nilimchapa na fimbo ya ng'ombe. Hakulia hata kidogo.

Na mimi nikajivunia kwamba hakulia.

Hapo ndipo Joel alikuja na wazo. Tulikuwa jikoni, tunakunywa chai. Akasema, "Mama, huyu anasumbua kwa sababu bado ni weri." Weri ni kijana ambaye hajatahiriwa. "Desemba tumpeleke menjo. Akitoka kwa mikono ya wanaume hutamtambua."

Menjo ni ile nyumba ya jando letu. Vijana wanatengwa huko na walimu wao, wanafundishwa heshima na siri za wanaume. Wale wa rika lake walikuwa bado wanangoja. Waliokuwa wanaingia mwaka huo walikuwa na miaka kumi na nne, kumi na tano. Yeye alikuwa amefikisha kumi na mbili mwezi huohuo.

Mzee aliyekuwa mwalimu wao alimwangalia akauliza, "Huyu mbona mapema?"

Nikajibu kabla ya Joel, "Dume haihesabiwi miaka!" Watu wakacheka. Nilipenda sana kucheka kwao.

Sasa ngojeni, kabla kijana fulani hajaandika hapo chini kwamba kogo anatukana mila. Sitachafua menjo. Ilifundisha mume wangu, ikafundisha wanangu, na ni watu. Mila haikukosea. Sisi tulichukua mlango wa wanaume tukautumia kama dawa ya mtoto mgonjwa. Na ugonjwa wenyewe hatukuuliza ni gani.

Siku ya kutoka ilikuwa kubwa. Sinendet shingoni, ile mimea yetu ya sherehe, mursik, yale maziwa yetu ya mgando, kwa vibuyu, mimi nikiimba mpaka sauti ikaisha. Chebet alikuja kutoka Nakuru, siku moja, akarudi.

Joel akamjengea nyumba yake, chumba kimoja cha mabati, nyuma kule baada ya napier, yale majani ya ng'ombe.

Wenye mnajua kwetu mnajua. Mwanaume akishatahiriwa, mama haingii nyumba yake. Haulizi amelala wapi. Hamchapi. Na mimi ndiye nilikuwa mama, kwa sababu mimi ndiye nililea.

Chakula nilikuwa naweka mlangoni. Nilikuwa na sahani moja ya bati, nyeupe, ua jekundu katikati. Naiweka juu ya jiwe, nagonga mara mbili, naenda. Asubuhi naikuta kwa jiwe, imeoshwa.

Basi hesabuni nyinyi wenyewe. Mtoto wa miaka kumi na mbili, mwenye hasira asiyoijua jina, na nyumba ambayo mama haruhusiwi kuingia.

Vijana wakubwa walijua haraka kuliko mimi. Mahali pazuri pa kujificha ni mahali mama haji. Walianza kuja pale na bangi. Harufu ilikuwa inapita kwa napier mpaka kwangu, na mimi nasema wanachoma takataka.

Form one alikuwa anakunywa chang'aa. Form two deputy alimshika nayo kwa chupa ya juisi, akapewa suspension. Alirudi, akakaa siku nne tu, akapigana na prefect, akafukuzwa kabisa.

Nilisemaje? "Ni umri. Itapita."

Haikupita. Ilipanda.

Alianza kuchuna chai ya watu kibarua, na kibarua chote kinaishia kwa mama wa chang'aa kule mtoni. Gumboot zangu zikaenda. Sufuria ya kupikia wageni ikaenda. Kuna siku nilisikia mvua inaingia kwake, nikaona ameng'oa mabati mawili ya paa lake mwenyewe.

Joel alimtisha. Pasta alimwombea. Chifu alimlaza cell siku mbili. Chebet alikuwa analia kwa simu mpaka mimi ndiye namnyamazisha. Nikimkuta njiani namwambia, "Kibet, unajiua." Anasema, "Kogo, niko sawa, acha stress," na miguu yenyewe inapishana.

Lakini sahani ilikuwa inarudi imeoshwa. Kila asubuhi. Na mimi hiyo ndiyo ilikuwa imani yangu. Mtu anayeosha sahani hajapotea. Nikaishi na hiyo miaka mingi.

Alikuwa na miaka ishirini na moja wakati mvua ya mawe ilitupiga. Chai yote ikawa nyeusi, hakuna kuchuna, watu wamekaa tu. Wiki hiyo niliamka nikakuta sahani imejaa. Ugali na sukuma kama nilivyoweka, mbwa anakula.

Nikasema, ameshiba kwingine.

Siku ya pili, imejaa.

Siku ya tatu asubuhi, imejaa, na nzi. Nikagonga. Kimya.

Nikampigia Joel, alikuwa ameenda Chepseon kuuza viazi. Akasema, "Mama, usiingie. Narudi kesho, nitaingia mimi. Usituaibishe."

Nikasimama pale. Mkono ulikuwa kwa mlango na mguu ulikuwa umekataa. Mimi ambaye nilifokea mwalimu mbele ya watoto, nilishindwa na kipande cha bati.

Ndipo Mama Moraa akapita kwa njia ya chini, kikapu chake kitupu. Akasimama.

"Mama Joel, mbona unasimama kwako kama mgeni?"

"Siwezi ingia. Ni nyumba ya mwanaume."

Akaangalia sahani. Akaangalia nzi. Akaweka kikapu chini.

"Mimi ndiye mgeni. Si nilikuja juzi? Wacha niingie."

Wakuu, hakusema kwa ubaya. Lakini neno langu la miaka tisa lilinirudia kama jembe kwa kidole. Nikamshika mkono nikamwambia hapana, kama ni laana wacha inipate mimi mwenyewe. Nikasukuma mlango.

Hakukuwa na kitanda. Hakukuwa na blanketi. Alikuwa amelala juu ya magunia, ubavu, macho ya njano, anatetemeka kama ndama aliyezaliwa kwa baridi. Ule mwili nilioubeba mgongoni, nikautafuta pale nikaona mifupa tu.

Akanitambua. Akasema, "Kogo, usiingie."

Halafu akanishika mguu. "Kogo, usitoke."

Nilikaa chini kwa hiyo vumbi. Nikaangalia kuta. Kila kitu kilichoweza kuuzwa kilikuwa kimeuzwa, hata kufuli, hata dirisha. Na ndipo nikakumbuka kitu. Sahani hakuuza. Ile ya ua jekundu, hata mama wa chang'aa angeipokea haraka. Miaka yote hiyo alikuwa ananioshea na kunirudishia. Mimi nilidhani anasema niko sawa. Alikuwa anasema bado niko hapa.

Na mimi nilikuwa najibu kwa kugonga mara mbili na kuenda.

Mama Moraa alishaita kijana wake na pickup ya viazi. Tulimbeba kwa blanketi langu, mimi kichwa, yeye miguu. Tukampeleka hospitali.

Alilazwa wiki mbili. Kutoka hapo akapelekwa rehab, na huko ndiko nilifundishwa nikiwa mzee hivi.

Kulikuwa na counsellor, msichana mdogo, ningeweza kumzaa mama yake. Siku ya wazazi akaniweka kwa kiti.

"Kogo, matatizo ya Kibet yalianza lini?"

"Form one. Marafiki wabaya."

"Hiyo ni pombe. Nauliza kabla ya pombe."

Nikamwambia kabla ya pombe alikuwa mtoto mzuri. Hakubishana. Akangoja tu, na mimi nikiachwa kimya huwa naongea. Nikamwambia jino. Nikamwambia barua niliyowashia moto. Nikamwambia chai, na Ijumaa ya mama yake, na fimbo, na vile hakulia.

Nilipomaliza alikuwa ameweka kalamu chini.

Akasema si kila mtoto msumbufu anakuwa mlevi. Wengi wanatulia, wanaoa, wanakuwa mashemasi. Lakini mtoto akianza mapema, akisumbua nyumbani na shuleni na kwa jirani, na haiishi, huyo ni wa kukaliwa karibu, kwa sababu wengi wa wanaokuja pale rehab walipitia hapo. Pombe haikuwa mwanzo. Pombe ilikuta nafasi iko wazi ikaingia ikakaa.

Nikamuuliza, "Kwa hivyo ni mimi nilimharibu?"

"Hapana, Kogo. Si wewe, si laana, si damu ya baba yake. Mambo ni mengi. Lakini wakati ule, nani alikuwa anakaa na yeye?"

Nikasema, "Nilikuwa naweka chakula."



Kibet alirudi nyumbani baada ya miezi minne. Sasa ikawa swali, atalala wapi? Mimi nilitaka kwangu, jikoni, karibu na moto. Joel akasema, "Mama, huyo ni mwanaume. Ukimrudisha kwako umemfanya weri tena. Watu watamcheka, na kicheko kitamrudisha kule mtoni."

Na mnajua, Joel alikuwa na ukweli wake. Nilifikiria siku mbili.

Siku ya tatu nikamwambia Joel alete lile gogo la mkaratusi lililokuwa linaoza kwa boma. Tukaliweka katikati, kati ya nyumba yangu na yake, mahali kila mpita njia anaona. Si nyumba ya mama, si nyumba ya mwanaume. Ni nje tu kwa Mungu.

Saa ya kula nikapika, nikatoka na sahani mbili. Yake na yangu. Nikakaa kwa gogo nikaita, "Kibet, kuja tule."

Wiki ya kwanza hatukuongea. Tulikuwa tunatafuna kama ng'ombe wawili. Wiki ya pili akasema sukuma iko na chumvi mingi. Nikamwambia siku yako ya kupika inakuja. Mwezi wa pili ndipo aliniambia mambo ya usiku wake wa kwanza kwa ile nyumba, miaka kumi na mbili. Aliogopa giza akataka kuja kwangu, akakumbuka kwamba nimewaambia watu ni dume.

Hiyo siku mimi ndiye sikumaliza chakula.

Msifikiri ni hadithi ya kanisani, ati aliokoka na ikaisha. Mwezi wa tatu alianguka. Alienda mtoni, akanywa. Kesho yake saa saba mchana nilitoka na sahani mbili, sikujua kama atakuja. Alikuja. Alinuka, aliangalia chini, lakini alikaa. Nilikuwa na maneno yamejaa mdomo kama ngumi. Nikayameza na ugali. Baadaye akasema mwenyewe, "Nipeleke kwa yule counsellor." Tukaenda pamoja.

Tangu hiyo siku ni miezi nane. Sisemi amepona. Nasema leo hajakunywa.

Anachuna chai kwa Mama Moraa. Ule mstari aliokata uliota kutoka kwa shina, mnene kuliko mingine. Kila wakifika shambani huyo mama anamwambia, "Anza na wako, fundi." Na Kibet anacheka. Kicheko kile cha siku za kuigiza pasta aliyeshiba, sikuwa nimekisikia miaka kumi.

Kwa Mama Moraa nilishuka na kibuyu cha mursik. Nikamwambia neno langu la siku ile lilikuwa baya. Akasema, "Lilikuwa baya kweli, Mama Joel. Kaa tunywe."

Sasa wewe mama uliyeuliza.

Menjo ipo, haitaenda mahali. Wacha kijana afike miaka yake na aende na rika lake. Kwanza jua ana nini. Barua ya mwalimu usiwashie moto. Jirani akikwambia ameona kitu, meza kiburi umsikize, hata kama alikuja juzi. Kuna counsellor kwa hospitali, kuna wa shule wengine, tafuta mmoja sasa wakati ni jino na panga, usingoje iwe chupa. Na akishakuwa mwanaume, heshimu mlango wake, lakini tafuta gogo lako mahali mtakaa.

Wewe uliyeandika kiboko, mimi sikugombezi. Nilikuwa wewe.

Nilimuuliza Kibet kama naweza kuandika haya. Akasema, "Andika, Kogo, hata ile ya chai. Lakini usiseme naogopa giza." Nimeshasema, atanisamehe.

Walio na mtoto kama huyu nyumbani, semeni hapa chini, hata kwa maneno mawili. Walio na hekima kuliko mimi, nirekebisheni. Matusi pia leteni, niko na wajukuu kumi na mmoja, nimezoea. Kongoi mising, asanteni sana.

Nitasoma majibu baadaye. Sasa hivi ni saa saba, na sahani zote mbili nimeshapakua, na huyo mwenye gogo ananiita ati nimechelewa.